Pakerr, Lile Jiwe Limerudi

Pakerr,

Shikamoo. Najua hutaitika, lakini mkono umekataa kuandika neno jingine kabla ya hilo.

Nimechoka. Nakuandikia nimekaa kwenye kigoda mlangoni pa jiko, maharage yako motoni, huyu mdogo nimemfunga mgongoni amelala. Huyu hukumwona. Ana paji lako la uso, lile pana, na akikasirika anakunja mdomo kama wewe ukiona mtu amefunga mzigo vibaya. Dada yake Naserian yupo hapa anachora chini kwa kijiti, anasema na yeye anamwandikia babu. Nimemwambia aandike taratibu asimwamshe mwenzake.

Wewe na mimi hatukuzoea maneno mengi. Siku ya harusi nilisimama getini kwenu nikagoma kuingia, kama bibi harusi wa kwetu anavyogoma, mpaka wewe mwenyewe ukatoka ukaniahidi kondoo jike. Kuanzia hapo tukawa tunaitana Pakerr, wewe kwangu na mimi kwako, kwa ajili ya yule kondoo. Na kuitana kwenyewe ndiyo yalikuwa karibu mazungumzo yetu yote. Mkwe hapigi soga na baba mkwe. Kwa hiyo haya ya leo hayakupata nafasi ya kusemwa, na nisipoyaandika yatanikaa kooni.

Ni habari za pikapu yako.

Baba Naserian ndiye anayeiendesha sasa. Mwanao hajambo, amekonda kidogo. Anashusha kabichi na viazi vya majirani mpaka sokoni Ngaramtoni, kama ulivyokuwa unashusha wewe, na mimi naenda naye kuuza. Ila sasa nakaa mbele pamoja na watoto. Mpaka leo sijakizoea hicho kiti. Najiona kama nimekaa mahali pa mgeni.

Maana mimi pangu palikuwa nyuma. Kwenye bodi, pembe ya kushoto, mgongo nimeuegemeza kwenye kabini, juu ya magunia. Mbele hapakuwa na mtu, kiti kimekaliwa na koti lako na kofia. Watu wa sokoni walikuwa wanakushangaa: "Mzee, mbele pako wazi, mbona mama wa watu anapigwa na vumbi?" Na wewe unawajibu bila kugeuka, "Mbele imekaa heshima yake." Wanacheka. Mimi nacheka ndani ya kanga.

Hata mvua ikinyesha hukuniita mbele. Ulikuwa unasimamisha gari kwenye baraza la duka lolote, mimi nashuka najikinga, wewe unabaki ndani umetazama mbele kama askari, tunasubiri. Mwenye duka mmoja aliwahi kuniuliza kama tumegombana. Na nilipokuwa na mimba ya Naserian ulimwambia mkeo, Yeyo wetu, atoe godoro lenu alitandike kule nyuma. Yeyo alilalamika, "Sasa sisi tulale wapi?" Ukamwambia, "Tutalala kesho." Siku ile uliushuka mteremko wa kanisani kama mtu aliyebeba kibuyu cha maziwa kisichokuwa na kifuniko. Sikukushukuru. Ningeanzia wapi?

Sasa sikiliza.

Tulipomaliza matanga gari lilianza kulia. Mwanzoni kilio chembamba, kama mbuzi anayeita kwa mbali, tukishuka tu. Baba Naserian akasema ni vumbi. Na vumbi la huku kwetu unalijua, linaingia mpaka kwenye chumvi. Basi tukaosha. Likakaa siku kidogo, likarudi na sauti kubwa zaidi. Likawa linalia tunaposhuka, linalia tunapokata kona, mpaka watoto wa shule wakalipa jina. Wakilisikia wanaimba, "Kwaya inapita!" Mwanao hakupenda. Unamjua, anapenda mambo yake yawe na adabu.

Akalipeleka Ngarenaro kwa Fundi Rama. Fundi akamwuliza, "Linalia wapi?" Akamjibu, "Mbele." Kwa nini mbele? Kwa sababu yeye anakaa mbele na mimi nakaa mbele, na sauti tunaisikia imepitia dirishani. Fundi akafungua mbele, akaweka pedi mpya, akapiga msasa diski, akasafisha. Mwanao akarudi nalo anaendesha kifua mbele. Tulipofika mteremko wa kanisani likalia vilevile, tena kama linatucheka.

Akarudi kwa fundi. Pedi zikafunguliwa tena, zikapakwa grisi kwa nyuma, zikarudishwa. Likalia.

Basi mume wangu akapata dawa yake mwenyewe. Akanunua redio. Tukifika mteremkoni anaongeza sauti. Nikamwambia, "Baba Naserian, umeliziba gari mdomo au umejiziba masikio?" Akasema, "Mama Naserian, breki zinashika. Breki ikilia maana yake inafanya kazi. Ogopa iliyonyamaza." Nikanyamaza mimi. Nilikuwa na kichanga, silali, sina nguvu ya kubishana na mtu mwenye redio.

Mpaka siku ile ya kabichi za mama mchungaji.

Tulikuwa tumejaza mpaka juu ya kingo. Ukungu ulikuwa umeshuka kutoka mlimani, barabara ina utelezi. Mdogo nampa ziwa, Naserian amekaa katikati yetu. Kabla hatujafika kanisani nikasikia harufu, kama ya kwato zikichomwa. Nikafikiri ni watu wanachoma kichwa cha ng'ombe. Kisha Baba Naserian akaikanyaga breki, nikaona mguu wake unazama. Akakanyaga tena, ukazama zaidi. Alizima redio. Hapo ndipo nikajua.

Akarudisha gia, gari likaunguruma, akaligeuza kwenye ukingo wa juu, ule wenye mahindi ya jirani, sio ule wa korongo. Likapanda tuta likakwama. Kabichi zikamwagika nyuma, zikaserereka zenyewe kuelekea kanisani. Naserian akapiga makofi. Alidhani ni mchezo. Mimi mikono ilikuwa imemshika mdogo kwa nguvu mpaka akaacha kunyonya akanitazama.

Moshi ulikuwa unatoka chini. Sikuangalia unatoka upande gani. Nilishuka na watoto wangu wawili nikapanda mlima kwa miguu mpaka nyumbani.

Jioni ile nilimwambia mwanao maneno mafupi. Nilimwambia, "Mimi na hawa hatupandi tena hilo gari mpaka kwanza nikae nyuma nilisikilize." Akashtuka. "Ukae nyuma? Watu waseme nimemtupa mke wangu kwenye bodi kama mkungu wa ndizi?" Yeyo naye akaingilia kutoka jikoni, "Mke wa mtu siku hizi hakai nyuma! Ulikaa kwa sababu ya mzee, mzee hayupo." Nikawaambia, ndiyo, mzee hayupo. Ndiyo maana hakuna anayejua gari linaumwa wapi. Mzee alikuwa anajua kwa mguu, na mimi nilikuwa najua kwa mgongo. Nyinyi wote mmekaa mbele mnasikiliza dirisha.

Nadhani hawakuwahi kunisikia nikisema mengi hivyo kwa mara moja.

Pakerr, kuna jambo nataka nilitaje kabla sijaendelea. Tulipokuchukua hospitali kukurudisha nyumbani, walisema mwenye mimba hapandi na jeneza. Nikapanda. Yeyo alinivuta kanga, nikaiacha mkononi mwake. Nilikaa pembe yangu ileile ya kushoto, na wewe ukawa pembeni yangu, na tukipita kwenye mashimo naliwekea jeneza mkono lisigonge. Miaka yote nyuma yako, na siku ile tukakaa pamoja. Nilisikiliza gari njia nzima kwa sababu sikutaka kusikiliza watu wakilia. Lilikuwa kimya, na tairi la nyuma linazunguka pale chini yangu, naliona kwenye tundu lililoliwa na kutu kwenye sakafu ya bodi, halisemi kitu. Kwa hiyo nilikuwa najua kwa hakika: kilio kilianza baada yako. Gari halikuzeeka tu. Kuna kitu tulikuwa tunakifanya sisi, au tuliacha kukifanya.

Asubuhi yake watoto niliwaacha kwa Yeyo. Gari lilikuwa limeshapoa na breki zimerudi kushika kidogo, lakini tulilipeleka polepole kwenye uwanja wa shule, pale pa tambarare. Nikapanda nyuma. Mwili wenyewe ulijua pa kuweka mguu. Nikagonga bati la kabini mara mbili, kama zamani, kwamba twende.

Akaenda taratibu bila kugusa breki. Na lilikuwa linalia, Pakerr! Breki haijaguswa na linalia, kidogo kidogo, linapumzika na kurudi kila tairi linapozunguka. Kwenye kabini husikii, injini inafunika. Nikainama kwenye tundu la kutu nikaweka sikio. Pale. Chini yangu palepale, nyuma kushoto. Nikagonga mara moja, akasimama.

Nilishuka na chupa ya maji ya Naserian. Nikamwagia tairi la nyuma kulia, kwenye chuma cha katikati. Maji yakachuruzika tu. Nikamwagia la kushoto. Yakasema chwaaa, yakawa mvuke. Na hatukuwa tumetembea hata mwendo wa kwenda kuchota maji.

Baba Naserian aliyatazama yale maji mpaka yakakauka. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Kumbe limeshika muda wote." Akachukua jeki. Akasema, "Tuliinue tuone. Weka jiwe."

Weka jiwe.

Tukatazamana.

Hakukuwa na jiwe, Pakerr. Lile jiwe lako jeusi, lenye bega moja, lililokuwa linakaa nyuma kwenye pembe yangu. Kila uliposimama, popote, hata mahali pa tambarare, nilikuwa naruka chini nalikandamiza nyuma ya tairi, na wewe unauliza dirishani, bila kunitazama, "Limekaa?" Nami sikujibu kwa mdomo. Nilikuwa nagonga bodi mara mbili. Ndipo unaachia breki ya mguu na kushuka. Hilo ndilo lilikuwa neno lako kwangu siku nzima wakati mwingine. Limekaa?

Mwanao alipochukua gari alilicheka lile jiwe. Alisema, "Mzee na mambo yake ya zamani. Gari lina hendibreki, tunahangaika na mawe?" Akalitupa uani. Tangu hapo kila anaposimama anavuta hendibreki, krrr, mpaka juu.

Na wewe hukuivuta hata siku moja. Nilisimama pale uwanjani nikakumbuka mkono wako. Ulikuwa unaenda kwenye gia, unaenda kwenye kofia, unaenda kwenye mlango. Kwenye ile fimbo ya hendibreki, kamwe.

Tulitafuta mawe mengine, tukaliinua. Tairi la kulia ukilizungusha kwa mkono linakwenda. La kushoto lilikataa kabisa, kama ng'ombe aliyelala njiani. Hatukuthubutu kulishusha hata mpaka lami. Baba Naserian akampigia simu Fundi Rama, akaja na bodaboda, mfuko wa spana mgongoni.

Akaniuliza, "Mama, nani kakwambia ni nyuma?" Nikamwambia nilikaa nyuma miaka. Akacheka, "Basi ungekuja na wewe Ngarenaro siku ile! Mimi naletewa mgonjwa anashika kichwa, nampa dawa ya kichwa." Ni mtu mzuri. Alifungua dramu ya kushoto, lile bakuli la chuma nyuma ya tairi, kwa nyundo na subira, na ilipotoka akaacha utani. Ilikuwa imebadilika rangi ndani, bluu kama mbawa za nzi. Zile breki shuu zinazoibana kwa ndani zilikuwa zimelika karibu na chuma, na pale palipobaki pameng'aa kama sahani iliyopakwa mafuta. Vumbi letu limejaa humo limekuwa unga. Akavuta ule waya wa hendibreki. Ukaenda. Akauachia. Haukurudi. Umeota kutu ndani ya mpira wake. Ukiuvuta unabana, na ukiuachia fimbo inashuka lakini waya umebaki umebana kulekule. Kwa hiyo kila tuliposimama sokoni tulikuwa tunalifunga tairi lile, na tukiondoka tunaondoka nalo limefungwa nusu. Linaburuzwa, linalia, linachemka. Mteremkoni moto unachemsha mpaka mafuta ya breki, na mguu unazama.

Fundi akasema, "Huu waya haukuharibika mwaka huu. Mzee alikuwa anaujua huu."

Hapo, Pakerr, nitakulaumu kidogo, kwa adabu. Ulikuwa unajua. Ulikuwa unajua na hukusema, kwa sababu mimi nilikuwa naweka jiwe, na uliona jiwe linatosha. Kwa nini hukumwambia mwanao hata siku moja tu, huyu waya usiuguse? Sijui. Labda ulifikiri anaona. Labda ulifikiri nitamwambia mimi, na mimi nilidhani jiwe ni desturi tu, kama kofia. Tulikaa kwenye gari moja miaka, mmoja mbele mmoja nyuma, kila mtu na nusu yake ya habari. Heshima yetu ilikuwa nzuri. Siitupi. Lakini watoto wangu walikuwa kwenye kabini ile.

Nimeshasema. Sasa hayako kooni.

Fundi aliweka shuu mpya pande zote mbili, akaing'arisha dramu ya kulia, ya kushoto akaenda kuitafutia nyingine mjini, akaweka waya mpya, akapaka grisi pale zinaposugua shuu lakini akachunga isiguse mahali pa kushikia. Mafuta ya breki akamwaga ya zamani yote, yalikuwa meusi kama kahawa yako. Mwanao alikuwa anashika taa na kuuliza kila kitu. Hakuona aibu kuuliza. Ungempenda siku ile.

Alipomaliza nikasema sasa tutafute jiwe. Fundi akashangaa, "Jiwe la nini tena, mama? Waya ni mpya." Nikamwambia waya mpya utakuwa wa zamani siku moja, na siku hiyo hautatupigia simu.

Baba Naserian akaenda uani kulitafuta pale alipolitupa. Hakuliona. Akageuza kuni, akageuza majani ya ng'ombe, akatoka mikono mitupu. Yeyo alikuwa amekaa anamenya ndizi, anamtazama tu. Mwisho akasema, "Unatafuta nini, wewe?" Akamwambia. Yeyo akaweka kisu chini, akaingia chumbani kwenu, akatoka amelipakata kwenye kanga kama mtoto. Siku lilipotupwa alikuwa ameliokota siku hiyohiyo. Akasema, "Mume wangu alikuwa anaondoka nalo na anarudi nalo. Nyinyi mnatupa tu." Akampa mwanao, hakunipa mimi. Mwanao alilipokea kwa mikono miwili.

Siku ya soko iliyofuata tulishuka na mzigo. Baba Naserian alizima redio kabla ya kanisani. Mimi mbele, mdogo kifuani, Naserian katikati. Nilimwona anakanyaga breki na mguu haukuzama, na pikapu ikashuka kimya, kimya kabisa, hadi nikasikia majani ya migomba yakigusa bodi. Watoto wa shule walikuwa ukingoni wamejiandaa kuimba. Tukawapita midomo imebaki wazi.

Tulipofika Ngaramtoni akasimama pale pako pa siku zote. Nikampa mdogo amshike. Nikashuka, nikazunguka, nikalitoa jiwe kwenye pembe yangu, nikalikandamiza nyuma ya tairi la kushoto. Lina uzito uleule. Na mwanao, sijui kama alikusudia au yalimtoka tu, akaniuliza dirishani, "Limekaa?"

Niligonga bodi mara mbili, nikaegemea pale kidogo mpaka macho yakakauka, kisha nikaanza kushusha kabichi. Wateja hawasubiri.

Maharage yameanza kukauka, na huyu wa mgongoni ameamka. Naserian amemaliza barua yake, amechora duara nne na kitu kama kofia. Nimemwahidi nikikusalimu nitakuambia.

Pakerr, nakuahidi hili. Nitakaa mbele na mume wangu, kwa sababu hapo ndipo pangu sasa. Lakini kila mwezi nitapanda nyuma mara moja nisikilize, waseme watakavyosema. Naserian nitamfundisha kugonga na kusema pia, vyote viwili, na huyu mdogo akikua hatadhani jiwe ni desturi tu. Nitamwambia lilikuwa la nini. Yeyo tutamtunza. Godoro lake nimelishonea kitambaa kipya.

Lala salama, baba yangu wa kondoo. Ulikuwa unaniuliza kila siku na mimi nagonga bati. Leo nakujibu kwa mdomo wangu.

Limekaa, Pakerr. Shuka tu, upumzike.

Mkweo,
Mama Naserian